Tulisoma kwa Saa za Mombasa

Saa ya ukutani kwetu ilikuwa nyuma kwa saa tano, na haikuwa mbovu. Mama aliiweka hivyo mwenyewe siku tuliyohamia chumba kile cha mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou, ghorofa ya nne, kabla hata hajatundika pazia.

"Humu ndani ni Mombasa," alisema. "China iko huko nje."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wangu wa kike alikuwa na mitano. Mama alinunua nguo kwa ajili ya duka letu, na baba alibaki Mombasa kupokea mizigo na kuuza. Mama aliulizia shule huku na huku. Zile za wageni zilikuwa za watu wenye uwezo kutushinda, na za Wachina zilitaka karatasi ambazo hatukuwa nazo. Ndipo akamkumbuka mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu kule Mombasa, mama wa makamo aliyefundisha watoto wachache barazani kwake. Wakaelewana. Kila siku mwalimu aliegemeza simu yake kwenye jagi la maji, nasi tukaegemeza yetu kwenye robota la nguo, tukawa wanafunzi wa baraza ile.

Wao walianza saa mbili asubuhi. Kwetu ilikuwa saa saba mchana. Wao walipoenda kula chakula cha mchana, sisi huku jua lilikuwa linazama, na walipofunga vitabu ilikuwa usiku. Tungeweza kuamka mapema kama watoto wengine wa Guangzhou tukautumia muda wa asubuhi, lakini mama hakutaka. Alisema mwili hauwezi kuwa na nchi mbili, na kwamba siku tukirudi nyumbani tusije tukawa watu wa kusinzia darasani. Basi tuliishi kwa saa za Mombasa katika kila kitu. Tulikunywa chai ya asubuhi adhuhuri ikikaribia. Tulilala wakati hata wauza chakula wa chini walikuwa wameshaosha sufuria.

Mama mwenyewe aliondoka kukiwa bado giza kwenda Shahe, kwa sababu soko lile huamka kabla ya watu. Alituagiza tusimfungulie mtu mlango na tusishuke ngazi. Barabarani kulikuwa na polisi wa kuuliza pasipoti, na aliogopa watu watakaouliza kwa nini watoto hawa hawako shuleni. Dirisha tulikuwa nalo moja, na nusu yake iliwekewa marobota. Nusu iliyobaki ilitazama ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba ningeweza kuanua nguo za jirani bila kutoka kitandani. Mimi sikulalamika. Ni mtu wa haya tangu utotoni, na kukaa ndani kulinifaa.

Wakati mgumu ulikuwa wa mapumziko. Kengele ya mwalimu ikilia, watoto wa barazani waliruka wakakimbia uani, na simu ikabaki inatazama benchi tupu. Tuliwasikia wakicheza bila kuwaona. Mdogo wangu alikaa karibu na kioo cha simu akilitazama benchi lile mpaka wenyewe waliporudi wakihema, na mmoja lazima angetupigia kelele, "Wachina! Bado mpo tu?"

Siku moja mwalimu aliwaambia wasimame waimbe wimbo wa kuruka. Mimi nilisimama. Mdogo wangu hakusimama.

"Na huyo Mchina wangu mdogo mbona kakaa?" mwalimu aliuliza.

"Miguu imechoka, ticha."

Baraza nzima ilicheka. "Imechoka na nini, na yuko kitandani?" kijana mmoja alisema, na hata mwalimu akacheka kidogo kabla ya kumnyamazisha. Mdogo wangu akajishika kwenye robota, akainuka, akaruka mara moja, akaketi tena. Usoni hakuonyesha kitu. Lakini alipokwenda kulala alilia, akasema magoti yanamuuma kwa ndani.

Mama alisema ni baridi ya sakafu. Akamkanda kwa mafuta ya habasoda. Baadaye alipoona miguu inaanza kupinda, magoti yakitazama nje, alisema mtoto alianza kutembea mapema mno, akawa anamfunga kwa leso kila anapolala ili inyooke. Nilimsaidia kufunga. Mdogo wangu alikuwa akituambia, "Msikaze sana," kwa sauti ya mtu mzima.

Aliyesema ukweli alikuwa jirani yetu, mama Mkongo wa Lubumbashi, aliyepika bukari, yaani ugali wao, na sombe ya kisamvu chumbani kwake akawauzia wafanyabiashara. Alikuja kuazima sufuria, akamkuta mama nyumbani, akamtazama mdogo wangu akitoka msalani huku ameshika ukuta.

"Mama," alisema, "huyu mutoto iko sawa muhogo ya kuloweka. Unamufungia mu nyumba sawa kuku!"

Mama alikasirika. "Kuku wangu wanasoma, mama. Wako wanafanya nini?"

"Wangu iko wanapiga mupira pale chini, wajinga kabisa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, na hii yako itaenda mu egzame na miguu gani?"

Mama alimpa sufuria. Lakini kesho yake hakwenda Shahe, na mimi sikuwahi kumwona akikosa kwenda Shahe.

Hospitalini tulisubiri muda mrefu. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Alizungumza na simu yake, na simu ikatusomea Kiswahili kwa sauti kavu isiyo na mtu ndani. Alipiga picha ya mifupa akaitundika penye mwanga. Ilionekana mifupa iliyofifia kwenye ncha, kama chaki iliyolowa.

Simu ikasema, "Mtoto huenda kucheza wapi?"

"Anasoma," mama alijibu.

Daktari akasikiliza, akauliza tena. "Baada ya kusoma, hucheza wapi?"

"Mwambie anasoma sana," mama alisema, akinigeukia mimi badala ya simu. "Mwambie ni hodari. Anajua kusoma vitabu vizima."

Simu ilikuwa imeshamfasiria daktari maneno yake. Daktari alivua miwani, akaelekeza kidole dirishani kwake, ambako kulikuwa na jua jingi likiangukia meza. Alisema mifupa imelainika kwa kukosa jua, akatuandikia dawa ya matone, akasema maziwa, mayai, samaki, na jua la kila siku. Alisema mtoto akiwahi kutibiwa, miguu inaweza kunyooka. Akichelewa, haitanyooka yenyewe.

Kwanza mama alitaka vyote viwili. Tuliamka na jua la Guangzhou, nikampeleka mdogo wangu bustanini, kisha tukasoma na Mombasa mpaka usiku. Haikuwezekana. Mdogo wangu alilala na shavu kwenye robota, na barazani wakamcheka mpaka wakachoka. Mwalimu akampigia mama simu pembeni, akamwambia kwa upole kwamba mtoto amuamshe au ampumzishe. Mimi nami nilianza kukosa hesabu nilizozijua.

Mama alikaa juu ya robota, viatu vikiwa bado miguuni, akaniita.

"Wewe umeshajua kusoma na kuandika," alisema. "Mwenzako hajajua kukimbia. Mtaacha masomo, uwe unamtoa juani."

Nilikuwa gredi ya sita. Nilisema sawa, mama. Sikujua kusema kingine, na hata leo sidhani kulikuwa na jingine la kusema. Mwalimu alituaga kupitia simu, akanisifu mwandiko. Tangu hapo sijasoma kwa mwalimu.

Kila asubuhi nilimbeba mdogo wangu mgongoni kushuka zile ngazi, kisha tukatembea polepole mpaka bustanini. Wazee wa Kichina walikuwa wakifanya mazoezi kwa mapepeo. Walimzunguka, wakamshika nywele, bibi mmoja akamkandakanda magoti na kunisemesha maneno mengi. Niliinama tu. Nilitamani ardhi inifiche. Mdogo wangu naye alikaa kwenye benchi, mikono juu ya mapaja, mgongo wima, kama yuko darasani. Watoto wenzake walikuja na mpira, wakaurusha miguuni kwake. Aliutazama. Kisha akanyoosha mkono juu, akaninong'oneza, "Dada, naomba ruhusa kusimama."

"Simama. Huku hakuna ruhusa."

Hakusimama. Wale watoto wakauchukua mpira wao.

Ilikuwa hivyo siku nyingi. Alifunika macho kwa kiganja, akasema mwanga unamchoma, akauliza tutarudi lini. Mara nyingine aliketi nyuma yangu kwenye kivuli changu. Ilibidi nihame, naye anihamie, mpaka wote wawili tukachoka. Lakini matone alimeza, na mayai akala, na jua lilimpata hata alipolikwepa. Taratibu maumivu yakapungua. Akaanza kushuka ngazi mwenyewe, akitanguliza mguu uleule kila mara.

Tulirudi kwa daktari mvua za masika ya kwao zilipokwisha. Alipiga picha nyingine, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Simu ikasoma kwamba mifupa imeshika nguvu. Mguu wa kulia unanyooka. Wa kushoto umepona, ila kupinda kwake huenda kukabaki, na akikua wataangalia kama upasuaji unafaa.

Mama alisema alhamdulillahi. Alisema mara nyingi, huku akiikunja na kuikunjua leso aliyokuja nayo.

Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya kitanda cha daktari, anatutazama mmoja mmoja.

"Nimepona?" aliniuliza.

"Umepona."

"Basi sasa naweza kurudi ndani?"

Daktari alisubiri simu imfasirie, lakini simu haikuwa imeshika sauti ya mdogo wangu, ilikuwa ndogo mno. Mama alimshusha kitandani, akamvalisha kofia, tukatoka nje, nao wakatangulia taratibu, mdogo wangu akiyumba kidogo upande wa kushoto.