Foleni ya Mashine Sita

Niliporudi Shinyanga mwishoni mwa miaka ya tisini na stashahada ya kompyuta, niliyoipata ughaibuni huku nikiosha vyombo hotelini, niliwakuta mabwana wa digrii pale kituo cha mifugo wakizitumia kompyuta sita kuandikia barua za likizo. Mimi ndiye niliyeziunganisha kwa nyaya zikafanya kazi kama mashine moja kubwa. Nasema mimi, maana baadaye wenye kujisifu walikuwa wengi.

Kazi yetu ilikuwa kulinganisha vinasaba vya vimelea vya ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, vilivyotoka kwenye damu ya ng'ombe wa Mhunze, Chato na vijiji vya Geita. Wakubwa wa Dar es Salaam walitupa mpaka Ijumaa: majibu yatoke, au mashine zihamishiwe Mwanza. Zikihama, mimi nabaki na cheti ukutani.

Nikaweka foleni. Kila anayetuma kazi aandike namba, moja kwa kazi ya haraka, tisa kwa inayoweza kusubiri. Huo ndio ujinga pekee niliowahi kuufanya pale, kudhani mtu mzima mwenye cheo ataandika tisa. Hakuna aliyeandika hata mbili. Mkuu wa maabara, moja. Daktari wa mifugo, moja. Mtunza stoo na orodha yake ya mabomba ya sindano, moja. Kazi zote zikaingia kwa mkupuo, mashine zikajaa, zikabaki zinaunguruma bila kusogea tangu Jumatatu hadi Jumatano.

Nikamfuata mkuu wa maabara.

"Shikamoo mzee. Naomba kazi yako isubiri saa mbili tu."

"Marahaba. Isubiri nyuma ya nani?"

"Nyuma ya kazi ya daktari."

"Yule? Mimi ndiye niliyemfundisha kushika sindano! Ng'wanawane, mwanangu, huko Ulaya walikupa kompyuta wakakunyang'anya adabu."

Daktari alikuwa mlangoni. "Alinifundisha kweli," akasema. "Kuishika kwenye ncha."

Sikubishana tena. Nilikaa nikaandika programu fupi, isiyojaa hata ukurasa. Yeyote aliyeuliza kazi yake imefikia wapi, mashine ilimjibu: *Kazi yako ni ya kwanza.* Nyuma ya pazia nikazipanga kazi nilivyotaka mimi, ndogo kabla ya kubwa, kila mashine na kazi moja. Wasomi wale waliisoma sentensi hiyo, wakatabasamu, wakaenda kunywa chai. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake.

Ijumaa asubuhi majibu yalikuwa mezani: vimelea vya Chato si sawa na vya Mhunze. Wageni wa Dar es Salaam walisoma, wakasaini mashine zibaki.

Walipoondoka, mkuu na daktari walisimama kwenye printa wakizozana ni kazi ya nani iliyotangulia kuingia. Wakaniita niamue.

"Wote wawili mko sahihi," nikawaambia.

Wakaridhika. Mimi nikaongeza karatasi kwenye printa.