Mshale Uliomwonea Vestine

Mshale ulisimama kwenye mstari usiokuwa na kitu, na Silvère bado akasema kosa ni la Vestine.

Tulieni niwasimulie upumbavu wetu, wa kwangu ukiwemo.

Ofisi yetu iko mtaa wa Remera. Tunaandika programu ya kuendesha matangi ya kupoza maziwa. Siku moja programu ya tangi la Ndera iliganda, maziwa ya wafugaji yakaharibika yote.

Silvère, bosi wetu, akafungua dibaga, ile programu ya kusaka makosa, inayokuonyesha kwa mshale mstari uliokwama. Mshale ukaenda mstari wa 212. Mstari alioandika Vestine, mwenzetu wa kazi.

"Jumatatu utasimama mbele ya wote uombe msamaha," akamwambia. "Ukikataa, kazi basi."

"Chef, huo mstari iko sawa."

"Mashine haiongopi."

Bwana huyu hajaandika programu miaka tisa, lakini kwa kunyooshea watu kidole ni fundi.

Mimi nilicheka. Nilimdharau Vestine, niseme ukweli. Anachapa kwa vidole viwili, na mimi nina shahada ya Ulaya nimeitundika ukutani.

Jumatatu hakuomba msamaha. Alifungua kompyuta, akafuta mstari wa 212, mahali pake akaandika maelezo ya kusomwa na watu tu, yale ambayo mashine huyaruka: "Hapa hakuna kitu."

Akaendesha programu. Ikaganda. Mshale ukasimama palepale.

"Si bado ni mstari wako?" Silvère akasema. Naapa alisema hivyo.

Vestine akatugeukia sisi. "Kompaila ndiyo iko na shida. Ikigeuza maandishi yetu kuwa ya mashine, inachanganya namba ya mistari. Sasa naweka kompaila ya zamani. Angalieni."

Akaendesha tena. Mshale ukarukia 231.

Mstari wangu.

Nikangoja kusimamishwa mbele ya wote niombe msamaha.

"Ah, Arnaud," Silvère akatabasamu, "hata mashine inakoseaga. Tuendelee na kikao."

Tukaendelea. Nikainamia daftari, nikajifanya naandika. Aibu ilinijaa, lakini mdomo sikuufungua.

Vestine alinitazama kidogo, akingoja. Kisha akaweka barua mezani. Silvère akadhani ni msamaha umekuja.

Ilikuwa ya kuacha kazi. Chini kabisa alikuwa ameandika, kwa ajili yangu, jinsi ya kurekebisha mstari wa 231.

Basi shika hili: mshale ukimwangukia mtu unayemdharau, kagua mara mbili kabla hujafurahi. Mimi nilitangulia kufurahi.