Cheo Nilichomshonea Papa

Mimi si mgeni wa aibu, jamani. Nimewahi kuanguka kanisani na sahani ya sadaka mkononi, nikacheka pamoja na walionicheka, lakini hii ya papa, baba yangu mzazi, na shati lake la jeshi bado hainichekeshi, na kama ninaisimulia leo ni kwa sababu nimechoka kuulizwa na majirani hapa mtaani kwetu Annexe kwa nini mzee alirudi nyumbani amejifunika kitenge changu cha maua.

Papa alikuwa mwanajeshi, kaporali, na kaporali ndivyo alivyobaki mpaka wakamrudisha nyumbani. Vitani alipigwa risasi ya mguu, wakampeleka hospitali, kikosi chake kikahama, na huko walikohamia jina lake likaitwa asiitike (angeitikaje, alikuwa kitandani mguu umefungwa), basi karani mmoja akaandika kwamba ametoroka. Miaka yote hiyo papa hakujua. Alikuja kujua baada ya kifo cha rafiki yake wa kikosi kile kile, ambaye jeneza lake lilifunikwa bendera na wenzake wakalibeba mabegani, na papa alipokwenda kuuliza kama naye siku yake ikifika atafanyiwa vile, wakafungua dosye, lile faili lake, wakamsomea: mtoro. Tangu siku ile hakuwa na ugonjwa mwingine. Aliniambia, "Georgette, miye batanizika sawa mwizi."

Basi tukaanza kwenda na kurudi katika ofisi ya wanajeshi wa zamani, leo mwenye muhuri hayupo, kesho mwenye ufunguo wa kabati amefiwa, mpaka mlinzi wa mlangoni akawa anaulizia watoto wangu kwa majina. Hatimaye tukasikia kwamba wakubwa wametoka Kinshasa kuja kusahihisha dosye zenye makosa, na kwamba wazee waje na karatasi zao, na aliye na sare yake ya zamani aivae. Karatasi ya hospitali papa alikuwa nayo, yenye muhuri na tarehe. Kwa hiyo kazi ilikuwa imekwisha, ila mimi nikaiona haijaisha.

Mnatujua sisi watu wa Lubumbashi, mtu haendi ofisi na nguo yoyote tu, husalimiwa kadiri alivyovaa. Nikapeleka shati kwa fundi Odilon, anayeshonea kwenye baraza karibu na kwetu, alirekebishe mabega maana galon, zile alama za cheo, zilikuwa zimechakaa hata hazisomeki. Odilon akavuta kisanduku chake, akaniuliza za cheo gani, nikamwambia kaporali, akanitazama kwa huruma.

"Kaporali? Na ile mvi yote? Mama, batamuacha inje ku jua mpaka magaribi."

Nikafikiri kidogo (kidogo sana, ndiyo maana niko hapa nasimulia), nikamwambia aweke za ajida, ngazi kadhaa juu ya kaporali, cheo ambacho papa hakuwahi hata kukiota. Papa mwenyewe macho yake yana ukungu, alilivaa shati, akapapasa vifungo, akasema limekaa vizuri.

Siku yenyewe ilipofika, getini askari kijana alimpigia saluti. "Shefu, pita mbele." Papa akanishika mkono kwa furaha, akasema, "Batoto ba leo beko na heshima, minaona." Ndani ya uwanja wazee walikuwa wamepanga mstari mrefu juani, na mmoja mwenye mkongojo akainuka kwenye benchi ili papa aketi. Papa akakataa. "Hapana, shefu, ikala," yule akasema, na papa akakaa, akidhani ni kwa ajili ya mguu wake. Hapo ndipo ningemnong'oneza. Lakini ningeanzia wapi, na benchi lote limesogea kumpisha? Wakamwomba awasemee kwa wakubwa watoe maji. Akawasemea, maji yakaja, na kwa kuwa walikuwa wanamsikiliza akaongeza na mawaidha: "Bandugu, mukiingia mule museme tu kweli. Kweli njo itatutosha." Mimi nikainama kufunga kiatu ambacho hakina kamba.

Ndani alikuwapo mama mmoja meja, mwenye miwani, uso umechoka kama wangu. Akaisoma karatasi ya hospitali polepole, akaigeuza, akaitikia kwa kichwa.

"Hii karatasi iko muzuri, papa. Hii itatosha." Akashika kalamu. Halafu akainua macho, yakasimama begani mwa papa. "Lakini hapa ku karatasi iko kaporali. Ile galon ilitoka wapi?"

"Ni ya kaporali," papa akajibu akitabasamu.

"Hapana, papa. Hii ni ya ajida."

Papa akainua mkono, akaigusa galon kwa vidole, taratibu, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, na nikaona tabasamu likimtoka.

"Georgette. Ni weye?"

"Ni miye, papa. Nilitaka bakuheshimu."

Papa alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua shati, akalikunja, akaliweka mezani, akabaki na singlendi yenye matundu ambayo sikuishona kwa sababu nilijua hakuna atakayeiona. Akasimama wima kadiri mguu ulivyomruhusu, akapiga saluti. "Miye niko kaporali, mama. Tangu siku zote."

Meja akanigeukia mimi. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Ile karatasi ilikuwa ya kweli, na ingetosha. Sasa muntu wa galon ya uongo, karatasi yake batu ya Kinshasa bataiamini namna gani?" Akaandika kwamba mzee alivaa cheo kisicho chake, akalizuia shati, na neno la mtoro akaliacha palepale mpaka wachunguze.

Nikamfunika papa kwa kitenge changu, kile cha maua mekundu, tukapita mbele ya mstari uleule. Hakuna aliyecheka, nisiwasingizie. Yule wa mkongojo alikuwa amekwisha kurudi kwenye benchi lake, akatazama chini.

Mpaka leo jibu halijatoka. Kosa la kwanza liliandikwa na karani asiyemjua papa, na lilikuwa uongo, la pili nimelileta mimi binti yake, na hili ni kweli tupu. Nimeapa sitamwongezea mtu hata kifungo ambacho si chake. Papa hakunigombeza hata mara moja. Jioni ile alikula ugali wake wote, akanawa mikono, akaniita.

"Mama, siku nitakufa, munivalishe tu shati ya raia. Musihangaike."

Nikamwambia ndiyo, papa, nikaondoa sahani.