Mnara wa Patron Arsène na Chumvi ya Mama Binti

Mama Binti hakuupenda mnara ule tangu siku ya kwanza, na sababu yake haikuwa ya maana sana: ulisimamishwa mahali alipokuwa akianika mihogo yake. Asubuhi moja alishuka ukingoni mwa mto na karai kichwani, akakuta kamba, vigingi, na mwanaume mwenye kofia ya plastiki ambaye alimweleza kwa heshima zote kwamba mihogo yake ilikuwa imelala juu ya maendeleo ya taifa.

"Bon, maendeleo ingojee kwanza mihogo ikauke," Mama Binti alimjibu.

Hayakungoja. Mwenye kofia alikuwa Arsène, mtoto wa Kisangani aliyepotelea Kinshasa miaka mingi, akarudi na gari, tumbo na wazo. Wazo lenyewe lilikuwa mnara wa kutazamia. Watu wangepanda ngazi za chuma mpaka juu, waone mto, maporomoko ya Wagenia na msitu unaokwenda mpaka macho yachoke, kisha wanunue soda. Alisimamisha bango kubwa kando ya barabara ili kila mtu aone kazi itakavyokuwa ikikamilika. Kwa bahati mbaya picha ya bango aliitoa kwenye simu, na ilikuwa ya mnara wa nchi nyingine, uliojengwa kando ya bahari. Ilikuwa na mawimbi, miavuli ya rangi, na wazungu wamelala mchangani na chupi tu. Watu wa mtaani waliitazama picha ile siku kadhaa kwa makini, hasa chupi. Halafu wakaanza kumsimamisha Arsène njiani: "Patron, mnara tunaelewa. Bahari yenyewe itafika na boti gani, baleinière gani?"

Mama Binti alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka barabara, na hakujua kununa muda mrefu kama kuna biashara karibu. Mafundi wa chuma wanakula. Mihogo ikikosa pa kuanikwa, basi masufuria yanaweza kupata pa kukaa. Kabla mashimo ya msingi hayajamwagwa zege, alikuwa ameshafungua malewa yake chini ya turubai, benchi mbili na meza moja, akiwauzia mafundi pondu ya majani ya mihogo, samaki, na lituma, zile ndizi zinazochemshwa zikatwangwa mpaka zikawa donge laini. Arsène alipokuja kumuuliza nani amemruhusu, alimwekea sahani. Hakuuliza tena.

Ujenzi wenyewe ulikwenda kama ulevi, hatua mbili mbele, moja pembeni. Saruji ilikwama kwenye baleinière, boti ya mbao ya mizigo, iliyokwama kwenye mchanga, maji ya mto yakiwa yamepungua. Vyuma vilifika bila bolti. Bolti zilipofika zilikuwa za kitu kingine, labda za meli. Arsène alitangaza tarehe ya ufunguzi kwenye redio, akaibadilisha, akatangaza nyingine, mpaka watu wakawa wanasema "siku ya mnara" wakimaanisha siku ambayo mtu hatakulipa. Kitu pekee kilichofika mapema kilikuwa jumelle, darubini kubwa ya macho mawili yenye miguu mitatu, ya kuwekwa kileleni. Ngazi zilikuwa zimefika nusu tu. Lakini Arsène alikuwa na haraka ya kuiona mahali pake, kwa hiyo mafundi waliifunga kwenye jukwaa la kati kwa muda.

Hapo ndipo mnara ulipoanza kufanya kazi yake, ingawa si ile iliyoandikwa kwenye bango.

Fundi mmoja wa kuunganisha chuma aliitwa Dady, kijana wa Yanonge, mdomo mrefu kuliko mkono. Wakati wa mapumziko yeye na wenzake walikuwa wakielekeza jumelle mjini. Kisha walishuka kula na habari moto kuliko chakula. Dady alijua nani amefukuzwa na bibi yake na anaoga kwa jirani. Alijua pasta gani anakunywa bia nyuma ya jiko lake. Alijua mbuzi wa nani anaingia shamba la nani, na kwamba mwenye mbuzi ndiye anayemfungulia mlango. Mama Binti alisikiliza yote akigawa pondu, akiuliza maswali madogo ya kusaidia. "Bia ya aina gani?" Wanawake wa soko walianza kuja kula kwake hata kama hawana njaa.

Siku moja Dady alishuka, akakaa, akala kimya. Mama Binti aliweka kijiko chini.

"Dady, uko mugonjwa?"

"Hapana, mama."

"Basi sema."

"Mama, miye sitaki matatizo. Papa Mahmoudi iko na kofia ya bluu, si ndiyo?"

Papa Mahmoudi alikuwa mume wa Mama Binti. Alikuwa fundi cherehani wa siku nyingi, mwembamba, mpole, mtu wa msikitini. Mwaka uliopita alianguka juu ya mashine yake katikati ya kushona suruali. Daktari alimpima, akasema ni tension, damu inapanda, ameze dawa kila siku na apunguze chumvi. Tangu hapo alikuwa amepunguza hata maneno. Kila mchana alivuka mto kwenda Lubunga, ng'ambo, kumsaidia binamu yake Moussa kutengeneza cherehani iliyoharibika. Sasa Mama Binti aliposikia kofia ya bluu, ilimjia kwa mara ya kwanza kwamba cherehani hiyo ilikuwa imeharibika muda mrefu mno. Hata ndege ingekuwa imeshapona.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Ng'ambo. Kwa mama moja," Dady alisema, akitazama sahani. "Kila siku. Anakaaka pale, anachekaka."

Anachekaka. Hilo ndilo lililomchoma. Nyumbani Mahmoudi alikuwa hajacheka tangu aanguke.

Alifungua kitambaa cha kiunoni, akakifunga tena kwa nguvu, akaanza kupanda. Mafundi walipiga kelele, mmoja alimshika mkono, akamwachia haraka. Ngazi za chuma zilikuwa zimeunganishwa mpaka jukwaa la kati, lakini bila pa kushikia upande mmoja. Mama Binti alipanda ubavu ubavu, akilitukana kila daraja, akimtukana Arsène, saruji yake na baba aliyemzaa. Upepo uliingia chini ya kitenge. Chini, mafundi wote waligeuza nyuso kwa adabu kuelekea mto, isipokuwa mmoja, naye alipigwa kofi.

Juu, Dady, aliyekuwa amemfuata, alimwelekezea jumelle. Kwanza aliona maji tu, kisha mtumbwi, kisha ukingo wa Lubunga, mbwa, kuku, moshi. Kisha kofia ya bluu. Papa Mahmoudi alikuwa amekaa chini ya bati, kwenye benchi, meza mbele yake. Mwanamke mwenye kilemba cha njano alikuwa amesimama karibu. Mama Binti alikaza jicho. Alitegemea kuona mkono begani, au kitanda, au mtoto mwenye pua ya Mahmoudi. Aliona sahani. Mume wake alikuwa akila lituma kwa mikono miwili, macho yamefumbwa, akilamba vidole kimoja kimoja kama mtu anayesali.

"Wallahi," alisema Mama Binti taratibu. "Anakula inje."

Kama angemkuta na mwanamke, angejua la kufanya. Mama yake alimfundisha, na shangazi zake pia. Lakini kwa lituma ya mwanamke mwingine hakuna aliyewahi kumwandaa. Alishuka, akaacha masufuria yake wazi mbele ya wanaume wenye njaa, akaingia mtumbwi wa kwanza aliouona. Mpiga kasia alitaka kungoja abiria wengine. Alimwangalia usoni, akaondoka na mmoja.

Njia nzima Mama Binti alipanga maneno. Alipanga ya kuanzia, ya katikati na ya kumalizia, yenye majina ya wanyama. Lakini alipofika pale chini ya bati, Papa Mahmoudi aliinua uso, mdomo umejaa, akasema kitu pekee ambacho mtu mwenye malezi anaweza kusema akiwa na chakula:

"Binti. Karibu."

Yule mwenye kilemba cha njano aligeuka. Alikuwa Mama Orpha, wa ukoo wa wavuvi wa Isangi, na hakujua chochote. "Kaa, mama. Nikuletee sahani?"

"Huyu njo bwana yangu," alisema Mama Binti.

Uso wa Mama Orpha ulijaa huruma. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Aaa, kumbe ni weye! Pole sana, mama. Papa alituelezea. Quinine ni mubaya. Ulimi ya mutu inaweza kufa kabisa."

"Ulimi ya nani?"

"Yako. Si ilikufaka? Njo maana unapikaka bila kusikia chumvi."

Mama Binti aligeuka taratibu kumtazama mumewe. Papa Mahmoudi alimeza.

"Binti, sikia. Mwaka muzima nakula majani ya kuchemsha. Samaki ya maji. Lituma ya maji. Hata mukate ulitafuta ile haina chumvi, sijui ulienda kuitoa wapi."

"Docteur alisema!"

"Docteur alisema tupunguze. Weye ulitupa pakiti inje, ukaenda kutupa hata ya jirani."

Hilo lilikuwa kweli. Jirani alikuwa bado hajasahau.

"Na miye je?" Mama Binti alipandisha sauti, na mitumbwi miwili ikasimama kusikiliza. "Miye si nilikuwa nakula pamoja na weye? Si niliacha chumvi juu yako?"

Papa Mahmoudi, mtu mpole, fundi cherehani, alifuta vidole vyake kwenye kitambaa. "Binti. Kila mangaribi naona samaki ya chumvi katikati ya meno yako."

Mama Binti alifumba mdomo. Kwa ulimi wake, ambao haukuwa umekufa hata kidogo, alipekua meno ya nyuma, na ndiyo, kilikuwemo kipande cha leo.

Hapo angeweza kuondoka. Badala yake alikaa, benchi ikalia, na maneno yaliyotoka hayakuwa yale aliyoyapanga kwenye mtumbwi.

"Ulianguka mbele yangu," alisema. "Mashine ilikuwa inaendelea kushona, na weye uko chini. Nilifikiri umekwisha. Niliogopa, Mahmoudi. Kila chumvi naona, naona weye chini."

Papa Mahmoudi aliisogeza sahani yake mpaka katikati ya meza. Mama Binti alikata kipande cha lituma, akakichovya kwenye mchuzi, akakitia mdomoni ili apate la kukosoa. Alitafuna. Alitafuna tena, akikasirika zaidi kila mara.

"Chumvi iko mingi," alimwambia Mama Orpha. "Mawese pia iko mingi. Lete ingine."

Kitu asichokijua ni kwamba kwenye mnara hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Dady alikuwa kwenye jumelle akitangaza kama mpira wa redio, na chini ya jukwaa kulikuwa na mafundi, wanawake wa soko, madereva wa pikipiki, na Arsène mwenyewe na kofia yake. "Amekaa! Papa anasukuma sahani! Anakula! Mama anakula!" Umati ulipiga makofi. Kisha kila mwanaume aliyekuwepo alinyamaza, kwa sababu wazo moja liliwapata wote kwa pamoja, na walianza kuitazama jumelle kwa jicho jingine.

Siku zilizofuata mnara ulipata msaada ambao haukuwahi kupata. Wazee wa mtaa walikuja kwa Arsène wakiwa wamevaa vizuri, wakamwambia kwamba upepo wa upande wa mji ni hatari kwa watalii. Walikuwa tayari kutoa wao wenyewe mabati ya kuuziba upande huo, na misumari. Mmoja wao, anayejulikana kwa kutotoa hata salamu, alileta mabati mapya. Wanawake wa soko walisikia, wakaja nao kumweleza Patron kwamba mnara ni mfupi mno, aongeze jukwaa moja au mawili, na kwamba wao hawaogopi upepo. Arsène alikuwa mfanyabiashara. Aliweka mabati upande wa mji, akafungua mlango mdogo katikati yake, na mlango huo ukapata kiingilio chake.

Mama Orpha alivuka siku moja kuja kuona malewa ya mwenzake. Wanawake wawili walishinda juu ya sufuria wakibishana kwa furaha. Alimfundisha Mama Binti kukaza ladha kwa ndimu, pilipili na samaki wa moshi, na chumvi kidogo tu, kiasi cha kuonekana kwenye ncha ya kidole. Papa Mahmoudi sasa anakula chini ya turubai kila mchana, mbele ya mafundi wote, na hawezi kutoroka kwa sababu Dady yuko juu. Cherehani ya Moussa, kumbe, haikuwa na ugonjwa wowote.

Alipokwenda kupimwa tena, muuguzi alisema damu imeshuka kidogo. Papa Mahmoudi alisema ni kazi ya lituma ya Mama Orpha, iliyompa moyo wa kuishi. Mama Binti alisema ni mwaka wake wa majani ya kuchemsha. Muuguzi alisema huenda ni ile dawa. Walimwangalia wote wawili, wakatoka nje, wakaendelea kubishana mpaka barabarani, naye Papa Mahmoudi akicheka.