Tochi ya Mkunga

Kila nikimsikia mtu akisema tochi ni tochi tu, damu hunipanda kichwani. Si kweli. Mimi nimewahi kumchagulia mtu tochi mara moja tu maishani, na mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Mtu mwenyewe alikuwa mama yangu. Alikuwa mkunga wa kijiji chetu, nyuma ya Diani. Bendera mpya ilikuwa bado haijapauka juani, hospitali ilikuwa Msambweni, na gari la kumfikisha mtu huko lilipatikana kwa bahati. Mwanamke akishikwa na uchungu, mtu alitumwa kwa mama, naye alijifunga leso akaenda, saa yoyote ile. Nusu ya vijana waliokuwa wakipiga kelele vibarazani walipitia mikononi mwake, na wengi wao hata salamu walikuwa wavivu kumpa.

Njia zetu zilijaa mashimo. Watu walichimba matumbawe ya kuchoma chokaa, wakishajipatia yao wanakwenda zao, shimo wanaliacha wazi kama kwamba njia ile hupitwa na mbuzi tu. Mama alikuwa akimulika kwa mwenge wa makuti makavu, nao mwenge ukikutana na upepo humulika kila kitu isipokuwa pale unapokanyaga. Alianguka. Kifundo cha mguu kikavimba wiki mbili, na kabla uvimbe haujashuka maneno yakaanza: bibi amezeeka, atafutwe mwingine. Yalimfikia.

"Wakiniondoa kwenye kazi hii, mwanangu," aliniambia, "basi waniandalie na sanda kabisa."

Mama hakuwa mtu wa kutia chumvi. Nikaapa kwamba mshahara ukitoka nitamnunulia tochi.

Nilikuwa karani mizanini, kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi. Wiki nzima nililala huko, nikirudi nyumbani Ijumaa. Nilikuwa na kalamu mfukoni, kola safi, na ujuaji mwingi kuliko mshahara. Nilikaa siku nyingi mizanini nikiiwaza tochi ile. Nilimwona mama kwenye chumba cha udongo kisicho na dirisha, chenye giza hata adhuhuri, mkono mmoja umeshika taa, mkono mmoja unapokea mtoto. Nikasema, anachohitaji ni tochi itakayomwachia mikono yote miwili. Nilijiona nina akili sana.

Sasa, kwetu Udigoni mjomba si mtu wa kando. Ndugu wa mama ndiye anayemsimamia, na watoto wa dada yake ni wake kabla hawajawa wa mtu mwingine. Kitu cha maana hakinunuliwi kwa ajili ya dada yake bila yeye kuwapo. Kwa hiyo Jumamosi baada ya mshahara tulikwenda Ukunda wawili, mimi na mjomba, yeye mbele na mimi nyuma kama inavyopasa. Ukunda ya siku zile ilikuwa maduka machache tu kando ya barabara, na mbele ya lile la Mhindi aliketi muuza kahawa ambaye sikio lake lilikuwa halilali.

Mhindi akatoa tochi mbili. Moja ilikuwa ndefu, ya bati linalong'aa, ya betri tano, kichwa chake kipana kama bakuli la uji. Nyingine ilikuwa fupi, ya rangi ya majani makavu, ya betri mbili, shingo yake imepinda, na mgongoni ina kibanio cha kuining'iniza kwenye mkanda. Alisema ni ya namna waliyotumia askari vitani. Nilipoiona tu nikajua. Mama ataibana kwenye leso kiunoni, mwanga uende mbele, mikono iwe huru. Kwisha maneno.

Mjomba hata hakuitazama. Alishika ile ndefu, akaipima uzito kiganjani, akailenga ndani ya ghala la Mhindi mpaka tukaona panya juu ya magunia ya mwisho.

"Hii," akasema. "Ile njia ya dada yangu ni mbaya. Aone mbali, ajue mapema. Na akikutana na nyoka, hii ni rungu. Tena watu wataiona ikija, watasema, mkunga wetu huyo anapita."

Katika maneno yote hayo, mimi nilisikia ya mwisho peke yake. Watu wataiona! Mjomba alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, sikatai. Kofia yake ya Ijumaa ilipigwa pasi mara mbili. Nikaona ameshaifanya tochi ya mama pambo lake.

"Mjomba, tochi hii ni ya mama au ni yako ya kuringia barazani?"

Nilisema kwa sauti. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake.

Mjomba akanitazama. "Unasema na mimi, mpwa wangu?"

"Nasema na wewe. Fedha ni zangu na mama ni wangu. Wewe umesaidia nini ila kutembea mbele?"

Hapo ningekuwa na haya ningejiuma ulimi. Sikujiuma. Niliongeza mengine ambayo siyaandiki, kwa sababu watoto wake wako hai na wanajua kusoma. Mjomba aliilaza ile tochi ndefu juu ya meza ya Mhindi polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Akajifuta viganja kwenye shuka yake.

"Haya, bwana karani," akasema. "Wewe ndiye mjuzi."

Akaondoka, na tangu siku ile hakukanyaga nyumbani kwetu. Mimi nilirudi na tochi yangu ya shingo iliyopinda, nikitembea peke yangu katikati ya njia, nimeshinda.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Kisha akauliza, "Mjomba wako yuko wapi?" Nikamwambia ana shughuli. Alijua ninadanganya, huko kwetu habari husafiri haraka kuliko mwenye miguu. Akanipakulia chakula. Alikuwa mtu wa aina hiyo: zawadi haikosolewi, na mwana hagombezwi siku aliyoleta kitu.

Ijumaa tatu baadaye nilirudi kutoka Ramisi, nikaambiwa mama yuko nyumba ya pili, mke wa jirani anajifungua. Ilikuwa alasiri. Nikapita pale, mwanamume siingii, bali nilitaka tu kusikia kama mambo ni salama. Na hapo kando ya mlango, kwenye kijiti cha ukuta, niliiona tochi yangu imening'inizwa, imezimwa. Ndani giza totoro, mama anafanya kazi, na tochi iko nje inaangaliwa na kuku.

Nilivuta subira mpaka mtoto akalia na mama akatoka kunawa. Sikumpa hata pongezi.

"Mama, nimekununulia ile ili uone! Unaiacha nje kwa nini?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Nani alikuambia nataka kuona?" akasema. "Yule ni mke wa watu. Mimi namfunika leso, nafanya kazi chini yake kwa mikono. Sijapata kummulika mwanamke hata siku moja. Nikianza leo, kesho nani ataniita? Wananiita mimi kwa sababu ya sitara."

"Basi mwanga unaufanyia nini?"

"Njia," akasema. "Njia tu, mwanangu. Na hii yako nikiibana kiunoni inaruka-ruka na hatua zangu, inamulika magoti yangu. Nikiishika mkononi shingo yake inatazama kando. Ungeniuliza." Akamalizia kunawa, akajipangusa. "Ndugu yangu yeye aliniuliza, kabla hamjakwenda."

Kwa miaka yangu yote nilikuwa nimelala nyumba moja na mkunga, nimekula kwa kazi yake, na sikujua anavyoifanya. Mjomba alikuwa ameuliza. Mimi nilikuwa nimewaza.

Dawa yake ilikuwa nyepesi, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mhindi alikuwa muungwana; ningemrudishia tochi, ningeongeza kidogo, ningechukua ile ndefu. Kisha ningemchukua mzee mmoja, tukaenda kwa mjomba kuomba radhi, ningeinama, yangekwisha. Siku moja ya kazi. Lakini pale dukani alikuwapo muuza kahawa. Ningeonekana nikiirudisha. Ukunda nzima ingesema karani amekula matapishi yake. Nilipita mbele ya duka lile Jumamosi ya kwanza, nikaitazama barabara. Nilipita Jumamosi ya pili. Jumamosi ya tatu niliingia kabisa, nikaona macho ya yule muuza kahawa juu ya birika lake, nikanunua kiberiti nikatoka.

Kiberiti! Na sivuti hata sigara.

Jumatano iliyofuata jirani alinijia mizanini asubuhi, kanzu yake imejaa vumbi la lori. Mama alikuwa akirudi alfajiri kutoka kuzalisha. Tochi yangu ilimwonyesha magoti yake na hatua moja ya mbele, na ukingo wa shimo ulikuwa hatua inayofuata. Walimkuta kumekucha, tochi ingali kiunoni, inawaka juani.

Nyonga ilivunjika. Alilala Msambweni muda mrefu, akarudi na mkongojo, na kutoka siku ile hakuweza tena kuchuchumaa. Mkunga asiyeweza kuchuchumaa ni mkunga aliyestaafu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, na miguu yangu yote miwili ni mizima mpaka leo. Waliotunga methali ile hawakumaliza kazi.

Mjomba alikuja hospitalini kila siku ya kuona wagonjwa, akapita mbele yangu kama anavyopita mbele ya benchi. Nilimwomba radhi pale pale, bila mzee wa kunisindikiza, mbele ya wagonjwa. "Nimekusikia," akasema, akaingia kumlisha dada yake machungwa. Nilitaka anipige. Hakunifanyia hisani hiyo.

Nilikuwa nimeoa, na mwaka uliofuata mke wangu alishikwa na uchungu. Ilikuwa mchana, chumba cha nyuma cha nyumba ile ile ya mama. Tulimwita mkunga kutoka upande wa Kombani, mwanamke kijana, mpole, mwenye sifa njema. Mama aliketi uani juu ya mkeka, mguu umenyooshwa, ungo wa mchele wa wageni mapajani. Kila mke wangu alipolia, mama alinyanyua kichwa.

"Mgeuze ubavu!" akaita kupitia ukutani. "Ubavu wa kushoto! Usimharakishe!"

Kilio kingine.

"Mwambie ashushe pumzi! Mshike kiuno, wewe, mshike kiuno!"

Yule mkunga kijana akatoka mlangoni, mikono imelowa, akapiga goti mbele ya mama kwa adabu zote.

"Shikamoo, bibi. Niwie radhi. Anasikia sauti mbili, hajui afuate ipi. Nakuomba unyamaze."

Nilimgeukia kwa hasira zangu zile zile, ulimi tayari. Mama akanishika pindo la shati, akanivuta chini.

"Ana haki," akasema.

Akanyamaza. Mtoto wangu alizaliwa saa moja baadaye, na muda wote huo mama alichambua mchele ule ule, punje kwa punje, hata baada ya kwisha mawe.