Nilivyojificha Ndani ya Gari Wattaya

Chekeni tu, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia na abaya yangu. Miye, mwalimu mstaafu, kukutwa nimelala sakafuni nyuma ya viti vya gari lisilo langu, ndani ya duka la magari mtaa wa Wattaya, watu wamenizunguka!

Kisa binti yangu Rahma. Tangu Ramadhani ipite, kila Alkhamisi akitoka kazini anakutana na rafiki anayeitwa Nuru. Nuru kasema, Nuru kacheka, Nuru yuko njiani (na Kiswahili chetu hakikwambii huyo wa njiani kavaa kanzu au abaya). Nikamwuliza, "Huyu Nuru mwanamme au mwanamke?" Rahma akafunga friji polepole, akasema, "Rafiki yangu, mama." Basi! Jawabu hilo likaninyima usingizi. Nikaanza kunusa mitandio yake kama ina manukato ya kiume, akishika simu nami nimesimama nyuma ya mlango mpaka miguu inakufa ganzi.

Alkhamisi moja nikamsikia akitaja lile duka. Nikavaa nikabu (ambayo sivai kamwe), nikaendesha kutoka nyumbani Ansab huku nasoma dua. Nikamwona kaingia na mtu mwembamba, suruali pana, shati refu, nywele fupi. Nikimtazama hivi, mwanamme. Nikimtazama vile, mwanamke. Nikasogea nisikie, najifanya nachagua gari, mara wakageuka kuja upande wangu. Nikafungua mlango ulio karibu, nikajitupa nyuma, nikalala chini. Na gari hilohilo ndilo wakaingia, wote wawili, mbele!

Muuzaji akawaacha wajaribu viti. Rahma akasema, "Njoo Ijumaa ule kwetu."

"Nikae wapi?" Nuru akajibu kwa sauti ndogo. "Mkeka wa wanaume si wangu, wa wanawake si wangu. Mimi si mwanamme wala si mwanamke, Rahma, wewe unajua. Mama yako akiniuliza sitaki kumwambia uongo, na kweli yenyewe inanitia khofu."

Ningenyamaza yangepita, lakini zulia jipya la gari lina harufu kali, nikapiga chafya.

"Mwizi!" Rahma akapiga ukelele, akaiegemea honi, honi ikalia, watu mbio. Mlango wa nyuma ukakataa kufunguka kwa ndani, mpaka muuzaji akaufungua, nikatoka kwa magoti, abaya imenasa, nikabu imepanda kichwani.

"Mama?"

Hapo ndipo pa kuomba radhi. Miye aibu ikanipanda, nikanyoosha kidole: "Msinitazame miye! Mwulizeni huyu, mwanamme au mwanamke!"

Wote wakamgeukia Nuru. Mzee mmoja akamkagua toka miguuni mpaka kichwani, kijana akanyanyua simu apige picha, mlinzi akadai kitambulisho. Mkono wa Nuru ukautafuta mkono wa Rahma. Nikaona nilichokifanya.

"Weka simu hiyo!" nikamwambia yule kijana kwa sauti yangu ya darasani. "Huyu mwanangu. Nimemfanyia mzaha mbaya, nna wazimu wangu. Kitambulisho dai changu, miye ndiye niliyejificha." Nikasimama mbele yao, abaya imechanika mpaka gotini, hata wakatawanyika.

Rahma akaninunia siku nyingi. Mwisho nikampigia Nuru mwenyewe, nikaomba radhi, nikauliza: kwa Kiswahili sina tabu, lakini Kiarabu cha huku kinataka nichague, wa kiume au wa kike, sasa nikuite vipi? Akajibu, "Niite kwa jina tu, mama. Linatosha."

Akaja Ijumaa. Nikatandika mkeka mmoja, wote tukala pamoja. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, akanung'unika, nikamwongeza pilau.

Juzi jirani kanishika mlangoni. "Yule anayekuja kwako Ijumaa, bint au walad, wa kike au wa kiume?" Na jicho kalitumbukiza ndani, linatafuta viatu ni vya kike au vya kiume. Jicho lile nalijua vizuri, nimelivaa miye miezi mizima.

"Mgeni wangu," nikamwambia, nikafunga mlango taratibu.

Kumnyatia mtu nimekoma. Nikitaka kujua nauliza, na nikijibiwa nusu, nusu hiyo inanitosha.