Majina Mawili ya Kuombewa

Juzi, kwenye simu ya binti yangu, nilimwona mzee mmoja akilia huku ameshika jeneza. Nilimtambua kwa makovu ya paji la uso. Alikuwa yule mwanamieleka ambaye sisi watoto tulimwita Nyundo, na aliyelazwa ndani ya jeneza ni hasimu wake wa miaka yote, Simba.

Nilikumbuka banda la video la kijijini kwetu Liuli, kando ya ziwa, Jumamosi mchana. Jenereta ilinguruma nje, na harufu ya petroli ilichanganyika na ya usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa ufukweni. Kwenye skrini, Nyundo alimpiga Simba kwa kiti cha chuma hadi damu ikamwingia machoni. Niliamini anakufa. Nilikimbia nyumbani, nikamkuta bibi akimenya mihogo.

"Bibi, kuna mtu ameumizwa vibaya. Kesho atajwe kanisani, kwenye maombi ya wagonjwa."

Bibi hakucheka. "Anaitwa nani?"

"Simba."

"Na aliyempiga?"

"Huyo ni adui yake, bibi!"

"Mtaje. Anayempiga mwenzake hivyo, naye anaumwa."

Kesho yake padri alisoma majina yote mawili, na kanisa zima likaitikia, "Bwana, utusikie."

Siku hizi najua kwamba walipanga mapigo yao kabla ya kupanda ulingoni. Kwa miaka mingi niliionea aibu sala ile. Lakini juzi, yule mzee alipokataa kuliachia jeneza, nilijikuta nikilitaja jina lake kwa sauti.

"Nani huyo, mama?" binti yangu aliuliza.

"Mgonjwa wetu," nikamjibu.